Kumtafuta Mama Katika Umati

Nikiwa darasa la nne hapa Mombasa, mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Wenzangu waliandika juu ya harusi, sikukuu na safari za Lamu. Mimi niliandika juu ya siku nisiyoikumbuka kabisa, maana ilipotokea nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Niliandika kwamba tarehe 26 Januari 2001, saa mbili na dakika arubaini na sita asubuhi, ardhi ilitikisika kwetu Kutch, nchini India, na mama akafa chini ya ukuta.

Mwalimu aliisoma, akaniita mezani pake, akanipa pole kwa sauti ya chini na maksi thelathini na tatu kwa arubaini. Wiki chache baadaye ikafika siku ya wazazi. Ba aliingia darasani na sari yake ya kijani, mzima wa afya, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba yeye ndiye mama yangu. Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi. Jumatatu nilisimamishwa mbele ya darasa nikaitwa mwongo, mtoto wa kumwua mamake kwa ajili ya maksi.

Sikuwa mwongo. Nilikuwa nimechanganya lugha mbili. Katika Kikachi tunachosema nyumbani, kama ilivyo katika Kigujarati na Kihindi, "mama" ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama yako. Mama mzazi kwetu ni Ba. Aliyekufa chini ya ukuta mjini Bhuj ni mjomba wangu, kaka mdogo wa Ba, na katika nyumba yetu alitajwa kwa neno hilo moja tu, tena kwa nadra: mama. Mtoto wa Mombasa anayesikia nyumbani kwamba mama amekufa, huku amepakatwa na mama, hujifunza mapema kwamba maneno yana safari zao.

Leo nasomea shahada ya uzamili katika historia. Watu wakiniuliza naandika tasnifu juu ya nini, nawajibu: juu ya watazamaji wa sinema za Kihindi katika pwani ya Kenya. Wengi huitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu limo usoni mwangu. Muhindi anaandika juu ya mambo ya Kihindi. Wanachokosa kujua ni kwamba sinema za Kihindi sikufundishwa na Wahindi.

*

Tetemeko lile liliua kati ya watu 13,000 na 20,000, hesabu ikitegemea nani alihesabu. Lilibomoa nyumba za mawe na udongo za Kutch, wilaya kame iliyo pembeni kabisa mwa magharibi ya India, kati ya bahari na jangwa la chumvi. Baba alikuwa fundi mwashi. Nyumba alizojenga kwa mikono yake alizifukua kwa mikono hiyohiyo akitafuta watu. Baada ya miezi minane aliandikiwa na ami yake aliyekuwa Mombasa tangu zamani katika kazi za ujenzi, kwamba huku mafundi wanatakiwa. Tukaja.

Wahindi wa Kenya ambao babu zao walikuja enzi za reli wana jina lao kwa watu kama sisi. Wanatuita "rocket". Yaani tumerushwa juzi, tumetua jana, bado tunatoa moshi. Kiingereza chetu ni kibovu, nguo zetu ni za kijijini, na Ba alikuwa akipaka mafuta ya nazi nywele zote mpaka shingoni. Kwa hiyo hatukuwa Wahindi wa kutosha kwa Wahindi, na kwa wengine wote tulikuwa Wahindi kupita kiasi.

Tulipanga ghorofa ya pili katika jumba la zamani, mpakani mwa Mji wa Kale. Ghorofa ya chini alikaa bibi mmoja wa Kiswahili, mjane, mwenye sauti nzito na redio isiyozimwa. Siku ya kwanza aliniuliza jina langu, likamshinda. Akalijaribu mara mbili, akalitema. "Basi," akasema, "wewe nitakuita Nargis." Mpaka leo ananiita Nargis, na miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba alinipa jina la mwigizaji mkubwa kuliko wote wa enzi zake.

Ba alikuwa na sheria: nicheze chini, nisile chini. Sisi hatuli nyama, na kwake sufuria iliyowahi kupika nyama haioshwi ikatakata. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Zilikuwepo nyingine, maneno juu ya Waafrika aliyokuja nayo kutoka kijijini na mengine aliyoyapata hapa kwa jamaa, ambayo sitayaandika. Na chini vilevile yalikuwepo maneno juu ya Wahindi, ambayo wajukuu wa Bibi waliyasema mbele yangu kisha wakakumbuka kwamba nipo. Bibi alitatua sehemu yake ya tatizo kwa kununua sufuria mpya ya kukaangia viazi karai. Aliitundika peke yake ukutani, na ole wake mjukuu aliyeigusa. Ilikuwa sufuria ya Nargis.

Kwa hiyo kila alasiri baada ya shule nilikula viazi karai na ukwaju mbele ya televisheni ya Bibi, na deki yake ikizunguka. Kanda alizikodi kwa juma. Na kwa kuwa Kikachi si Kihindi, sikuelewa nusu ya kilichosemwa. Bibi ndiye aliyenitafsiria. Mwanamke wa Mombasa ambaye hajawahi kuvuka bahari alimweleza mtoto wa Kihindi, kwa Kiswahili, Wahindi wanasema nini.

"Yule ni jaji, Nargis. Amemfukuza mkewe na mimba yake kwa kumshuku. Sasa angalia. Huyo mwizi aliye kizimbani ni mwanawe wa kumzaa, na jaji hajui."

Hiyo ilikuwa Awaara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Jaji wa hadithi anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema. Filamu nzima ni jibu kwake. Bibi aliiona mara ya kwanza akiwa msichana mdogo, amefichwa katika buibui la shangazi yake, katika onyesho la wanawake watupu. Alikuwa bado anaijua tangu mwanzo hadi mwisho.

*

Nilipofika chuo kikuu nilianza kujiuliza Bibi alivipata wapi vitu vile. Jibu ni la zamani kuliko sinema yenyewe.

Majahazi ya Mandvi, bandari ya Kutch, yalifuata pepo za kaskazi mpaka Mombasa na Unguja karne nyingi kabla ya reli. Katika karne ya 19, forodha ya Unguja iliendeshwa kwa miaka mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mkachi. Kiswahili kiliyachukua maneno ya watu hao kama kilivyochukua vitambaa vyao: gari, pesa, laki, bima, gunia, chapati, kachumbari. Kisha, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India wajenge reli ya kwenda Uganda. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, wapatao 6,700 wakakaa, na nyuma yao wakafuata wenye maduka.

India ilitoa filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1913, Raja Harishchandra ya Dadasaheb Phalke. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1921, mfanyabiashara Hassanali Adamali Jariwala alifungua Unguja ukumbi uliojengwa mahususi kwa sinema, Royal. Wakati huo filamu hazikuwa na sauti. Mwaka 1931 ikaja Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye kusema, na ilikuja na nyimbo saba. Nyimbo ndizo zilizolipasua soko la pwani. Filamu ya Kimarekani ilikuomba ujue Kiingereza, lakini hii ya Kihindi ilikupa wimbo, na wimbo mtu wa pwani anajua la kuufanyia.

Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake Reel Pleasures cha 2018 ndicho kilichonitia katika kazi hii, aliwahoji wazee wengi wa Unguja na miji ya Tanzania Bara kuhusu kumbi hizo. Anaonyesha kwamba miaka ya 1950 na 1960 kwenda kutazama picha Jumapili kulikuwa desturi ya mji mzima. Tikiti zililanguliwa, familia zilivaa nguo zao bora, na Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao ili hata waliokaa ndani waone. Na alipouliza filamu gani ilikaa moyoni, jina la Awaara lilirudi tena na tena, nusu karne baada ya kuonyeshwa.

Kwa nini Awaara? Nimewauliza wazee wa Mombasa swali hilohilo, na majibu yao yanafanana na ya Unguja. Wengi hawakuanza na mapenzi ya Raj na Rita. Walianza na baba. Kijana wa miaka ya 1950 aliyepangiwa mke, au binti aliyepangiwa mume, hakuwa na maneno ya kumwambia mzazi wake kwamba amekosea. Kumjibu baba ilikuwa utovu wa adabu. Lakini jioni hiyohiyo wangeweza kukaa ukumbini, baba na mtoto, wakamwona jaji akikosea mbele ya watu mia kadhaa. Wakitoka, mazungumzo yalikuwa juu ya jaji. Mzee mmoja wa Majengo aliniambia kwamba marehemu baba yake alinyamaza njia nzima, na walipofika mlangoni akasema tu, "Yule jaji alifanya haraka." Harusi iliyokuwa imepangwa ikaahirishwa. Mzee hakuniambia kama ilifanyika baadaye, nami nilikuwa na adabu ya kutouliza.

Kisha kuna muziki. Mombasa ilijitengenezea kitu chake, taarabu ya Kihindi, na bwana wake mkubwa alikuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Bhalo alichukua nyimbo za filamu, akazivisha mashairi ya Kimvita, mengi yao ya jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir, na akaziimba na kinanda na tabla kwa sauti iliyopinda na kutetemeka kama ya waimbaji wa Bombay. Msikilizaji aliyekaa Kibokoni alipata vitu viwili kwa pamoja: fumbo la Kiswahili ambalo Muhindi asingelielewa, na sauti ya Kihindi ambayo hakuwa na haja ya Muhindi kuipata.

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika kwenye daftari langu mwaka wa kwanza wa uzamili, nikaipigia mstari. Baadaye niliogopa maana yake.

*

Maana yake ni kwamba picha zilivuka mahali ambapo watu hawakuvuka.

Kenya ya kikoloni ilipanga watu kwa daraja: Mzungu juu, Muhindi katikati, Mwafrika chini. Shule, hospitali na mitaa vilifuata mpango huo. Hata bodi za ukaguzi wa filamu zilikuwa na daraja la picha ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuziona, kwa hofu kwamba akimwona Mzungu akiiba au akipigwa atapata mawazo. Filamu za Kihindi hazikuwatia watawala wasiwasi mkubwa kama huo, na hilo ni sehemu ya sababu ya kuenea kwake. Ukumbini ulikaa kwa nguvu ya mfuko wako, viti vya nyuma na vya juu kwa wenye pesa, vya mbele kwa wasio nazo. Mwenye ukumbi mara nyingi alikuwa Muhindi, na mkata tikiti mara nyingi alikuwa Mswahili. Wote walilia mahali pamoja katika hadithi, kisha taa zikawashwa na kila mtu akaenda kwao.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mtu akipenda nyimbo zako amekupenda wewe. Historia ya Afrika Mashariki hainiruhusu kudhani hivyo. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Wahindi wasio raia. Waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kukimbilia huko, na Machi 1968 bunge la Uingereza likapitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango. Tanzania ilitaifisha majumba mwaka 1971, na mengi yalikuwa ya Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90. Agosti 1982, katika jaribio la mapinduzi Nairobi, maduka ya Wahindi yaliporwa na wanawake wao wakaingiliwa majumbani. Nina hakika, ingawa hakuna nyaraka itakayonithibitishia, kwamba baadhi ya wale waliobeba televisheni siku ile walizijua nyimbo za Sholay kwa moyo.

Na upande wa pili nao una hesabu yake. Wahindi wangapi walipokea pesa ya tikiti kwa mkono wa Bibi miaka thelathini na hawakuwahi kujua jina lake? Ba aliishi juu ya kichwa cha jirani yake miaka ishirini na mbili, akimpelekea thepla kila Diwali na kupokea sahani ya kaimati kila Idi (kaimati hazina nyama, aliuliza), na katika miaka yote hiyo alisimama mlangoni. Hakuwahi kuvua viatu.

Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wahindi kuwa kabila la 44 la nchi. Baba alikunja gazeti akaliweka mezani. Sisi tulikuwa bado tunafanya upya vibali. Bibi alinipigia kelele kutoka chini: "Nargis! Wamekufanya kabila! Haya, mila zenu ni zipi?" Nikacheka, nikakosa jibu. Mila nilizozijua vizuri zilikuwa za filamu.

*

Sasa nirudi kwa mama.

Mwaka 2002, nikiwa mdogo sana kukumbuka, Bibi alipata nakala ya filamu mpya iitwayo Lagaan. Imeandikwa na kuongozwa na Ashutosh Gowariker, na stelingi wake ni Aamir Khan. Hadithi ni ya mwaka 1893. Kijiji kikavu kinadaiwa kodi ya ardhi na Waingereza wakati mvua imegoma. Afisa mmoja mwenye kiburi anawapa changamoto: wakiwashinda Waingereza kwa kriketi, mchezo wasioujua, kodi itasamehewa kwa miaka mitatu, wakishindwa, watalipa mara tatu. Ilifika kwenye orodha ya mwisho ya Oscar. Bibi alipojua imepigwa wapi, alimtuma mjukuu wake juu mbio. "Mwambie mamake Nargis ashuke. Kwao kumeonyeshwa!"

Ba alimjibu mtoto kwamba anaumwa kichwa, akafunga mlango. Bibi alikasirika kidogo. Akaitazama peke yake mara tatu, na tangu hapo Lagaan ndiyo filamu pekee ambayo hakuniwekea mimi.

Sababu niliipata kwa baba mwaka 2019, usiku mmoja umeme ulipokatika. Lagaan ilipigwa mwaka 2000 karibu na kijiji cha Kunaria, nje kidogo ya Bhuj. Kwa mechi ya mwisho, maelfu ya wanavijiji wa Kutch walivishwa mavazi ya zamani, wakaketishwa kwenye mteremko wa kilima, wawe watazamaji wa mechi. Mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alirudi jioni ameungua uso kwa jua, sauti imekauka kwa kushangilia, na kwa mwezi mzima nyumba haikuzungumza kitu kingine. Alimwambia Ba kwamba filamu ikitoka amtafute upande wa kulia, na kwamba ameinua mkono kuliko wote ili aonekane.

Filamu ilitoka Juni 2001, miezi mitano baada ya tetemeko.

Albamu ya picha za nyumbani ilizikwa na nyumba. Kilichobaki cha mama ni picha moja ndogo ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, amekaza taya kama watu wote kwenye picha za vitambulisho. Kwa hiyo mahali pekee duniani ambapo huenda anatembea, anacheka na kuinua mkono ni ndani ya filamu yenye urefu wa saa tatu na dakika arubaini na zaidi, na Ba hakuwahi kuitazama. Niliuliza kwa nini. Baba aliwasha mshumaa, akafikiri.

"Akimwona, atafanyaje?" akasema. "Na asipomwona?"

*

Mwaka jana nilianza kumtafuta. Nilijiambia ni sehemu ya utafiti, nikafungua hata faili lenye jina la heshima. Usiku, kwenye kompyuta yangu, nilisimamisha picha baada ya picha katika saa ya mwisho ya filamu. Vilemba, vilemba, mikono, vumbi. Umati unaonyeshwa kwa sekunde mbili, tatu, kisha kamera inarudi kwa Aamir Khan. Nilijikuta nikimchukia mtu maarufu ambaye hajanikosea kitu, kwa sababu tu anasimama mbele ya watu.

Katika kazi hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini nimechagua kuandika juu ya watazamaji. Historia za sinema ninazozisoma zimejaa majina: mwongozaji, mwigizaji, mtunzi. Nyuma ya majina hayo kuna umati wa namna mbili, walioketi kilimani ndani ya filamu na walioketi ukumbini mbele yake. Mama alikuwa katika umati wa kwanza. Bibi alikuwa katika umati wa pili. Hakuna aliyeandika majina yao, na tofauti kati yao ni kwamba mmoja bado naweza kumuuliza.

Ba alinikuta usiku mmoja. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaona kilima kile kwenye kioo, watu wake wamegandishwa. Hakusema neno. Alienda jikoni nikasikia anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilimweleza Bibi. Sasa ana miaka themanini na kitu, miguu haimtii, na wanawe wamemnunulia televisheni inayofunika ukuta. Akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kompyuta hiyo ni ndogo, mwanangu," akasema mwishowe. "Watu humo huwa kama siafu. Mwambie mamako alete macho yake huku kwenye kubwa. Yuwaogopa nini? Mimi nami nimezika."

Nilipanda na ujumbe ule nikiwa nimejiandaa kwa mlango kufungwa. Ba alikuwa anachambua dengu. Akamaliza sinia lote, akainuka, akachukua mtandio wake. Mlangoni kwa Bibi alisimama kidogo kama alivyozoea. Kisha akavua viatu.

Hatukuanzia mwanzo. Niliweka pale mechi inapoanza, rimoti nikampa Ba. Kwa dakika kumi za kwanza hakusimamisha kitu. Halafu akasimamisha. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo, akaweka kidole. "Huyu," akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili ya Bibi, "alikuwa anauza maziwa. Kila siku anaweka maji." Akaendelea. Akasimamisha tena. "Huyu mke wake alikuwa rafiki yangu. Alienda Surat. Yuko." Tena. "Huyu alikufa. Huyu pia, na watoto." Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kuokoteza, ila sijawahi kumsikia akikitumia kwa muda mrefu namna ile. Bibi aliegemea mbele na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akiuliza, "Na huyu wa kilemba chekundu? Na huyu aliyekenua meno?" kama anavyouliza juu ya watu wa harusi.

Nilikuwa na daftari mkononi. Niliandika majina manne au matano, kisha nikaona naandika kwa sababu sijui la kufanya na uso wangu. Nikaliweka chini.

Upande wa kulia ulifika. Ba aliupitisha polepole, akaurudisha, akaupitisha tena. Mkono mmoja uliinuka juu kuliko mingine, wa kijana aliyefunikwa nusu na bega la mtu, uso wake ukiwa kivuli na taya. Ba alikaribia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Hatukuuliza. Mimi sikuthubutu, na Bibi, ambaye huuliza kila kitu, alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

Adhana ya Magharibi ikaanza, kwanza ya msikiti wa karibu, kisha ya mbali. Bibi akatafuta mkongojo wake.

"Isimamishe hapo hapo," akamwambia Ba. "Nakwenda kusali. Msitazame bila mimi."

Alikwenda polepole, akishika ukuta. Ba alirudi kitini, akaweka rimoti mapajani. Nje kulikuwa kunaingia giza, na hakuna aliyewasha taa. Kilima kizima cha Kutch kilikuwa kimesimama kwenye ukuta wa Bibi, maelfu ya watu wakisubiri mpira, na mkono ule mmoja uko juu. Ba aliutazama, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, akachukua kiazi kimoja kutoka kwenye sahani ya Nargis, akala.